Mchujo wa Tenisi Ugenini: Pima Nafasi Yako Kabla ya Kukata Tiketi

Mchezaji aliye nafasi ya 600 duniani akiniuliza kama anaweza kupenya mchujo, yaani mechi za awali za kuwania kuingia droo kuu ya shindano, nami humuuliza maswali matatu: mchujo upi, wiki gani, na una fedha za kukaa huko wiki ngapi? Swali la tatu huwa linamshangaza. Ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na hesabu yake iko hapo chini.

Kwanza tumalizane na hadithi za ajabu, maana kila kocha anazo mdomoni. Mwaka 2021 Emma Raducanu, akiwa nafasi ya 150, alianzia mchujo wa US Open, akashinda mechi kumi mfululizo bila kupoteza hata seti moja, akaondoka na kombe. Mwaka 2016 Marcus Willis, nafasi ya 772, alishinda mechi sita ili tu aingie droo kuu ya Wimbledon, akashinda na ya saba, ndipo akakutana na Roger Federer. Ni kweli tupu, ila hazikusaidii kupanga safari. Inayosaidia zaidi ni ya Valentin Vacherot, Shanghai 2025. Wengi wanakumbuka kwamba alichukua kombe akiwa nafasi ya 204. Mimi nakumbuka kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri ya mchujo. Hakuwa na uhakika wa kucheza hata mechi moja. Wengine wakajitoa, yeye yupo, akaingia.

Hatua ya 1: Ujue mlango unaoubisha

Michujo haifanani. Ule wa Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote, una wachezaji 128 kwa kila jinsia, nafasi 16 za kuingia droo kuu, na unatakiwa kushinda mechi tatu. Wa ATP 250, ngazi ya chini ya ziara kuu ya wanaume, una wachezaji 16 na nafasi nne, mechi mbili. Wa Challenger, ngazi iliyo chini ya hiyo, una wachezaji 24 na nafasi sita, nao ni mechi mbili. Katika mashindano ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) ya ngazi ya chini, kama M15 na M25 za wanaume, droo ya mchujo mara nyingi ni ya watu 32 wanaogombea nafasi nane, ingawa yapo yenye droo kubwa zaidi.

Gawanya namba hizo uone. Nafasi nane kwa watu 32 ni robo, sita kwa 24 ni robo, nne kwa 16 ni robo. Kumi na sita kwa 128 ni moja kwa nane. Hapo ndipo unapoanzia kabla hujajua jina la mpinzani hata mmoja: kama wote mngekuwa sawa kabisa, ungefuzu mara moja katika kila safari nne, au moja katika nane. Kwa kuwa wewe ni wa nafasi za chini, utashuka chini ya hapo. Swali ni kwa kiasi gani.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka droo itoke. Katika droo ya 32 yenye nafasi nane, wachezaji 16 huorodheshwa kwa ubora, yaani nusu ya watu wote. Kila mmoja wao hupangiwa asiyeorodheshwa. Challenger ni hivyo hivyo, 12 kati ya 24. Maana yake, kama hukuorodheshwa, usiombe droo nyepesi raundi ya kwanza. Haipo, labda aliyeorodheshwa ajitoe dakika za mwisho. Kwenye Grand Slam hali ni tofauti: wanaoorodheshwa ni 32 tu kati ya 128, kwa hiyo kati ya 96 wasioorodheshwa ni theluthi moja tu wanaoanza na mkubwa. Ajabu ni kwamba mchujo wa shindano dogo unaweza kukupa mechi ya kwanza ngumu, ukilinganisha na kiwango chako, kuliko ule wa shindano kubwa.

Mambo ya makaratasi nayapitia haraka. Kwa mashindano ya ITF lazima uwe na IPIN, namba ya usajili wa mchezaji, ambayo hulipiwa kila mwaka. Majina hufungwa wiki mbili na ushee kabla ya shindano, na kuna siku ya mwisho ya kujitoa bila adhabu. Andika tarehe zote mbili kwenye simu, pamoja na saa, kwa sababu saa inayotajwa ni ya GMT na si ya mahali ulipo. Viza iombwe kabla hata majina hayajafungwa.

Hatua ya 2: Isome orodha ya wachezaji kama kocha, si kama mhasibu

Orodha ya washiriki ikitoka, kosa la kwanza ni kuangalia namba za ubora na kukata tamaa, au kufurahi. Nafasi ya mtu duniani ni jumla ya pointi za wiki 52 zilizopita. Inakuambia alichokifanya ndani ya mwaka mzima. Haikuambii yukoje Jumapili ijayo.

Chukua wachezaji wawili. Wa kwanza yuko nafasi ya 380, lakini zaidi ya nusu ya pointi zake zilitoka shindano moja la miezi 11 iliyopita, na tangu hapo ameshinda mechi tatu kati ya kumi na tano. Wa pili yuko nafasi ya 790, amecheza mashindano sita tu kwa mwaka, na katika mawili ya mwisho alifika nusu fainali. Ningechagua kucheza na wa kwanza, tena bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo kwa kila jina linaloweza kukuangukia, tazama mechi kumi za mwisho: aliwashinda akina nani, kwenye uwanja wa aina gani, na alijitoa katikati ya mechi mara ngapi. Dakika tano kwa kila jina zinatosha.

Wa kuwaogopa zaidi ni wale wenye nafasi ya mbali sana duniani, au wasio na nafasi kabisa. Mwezi wa Mei msimu wa tenisi ya vyuo vikuu vya Marekani ukiisha, vijana wa vyuo humiminika kwenye mashindano ya ITF. Wamecheza mechi ngumu tangu Januari, miili imeiva, ila kwenye orodha ya dunia wako nafasi ya 1,200 au hawapo. Ukiwasoma kwa namba ya ATP (wanaume) au WTA (wanawake) utadhani umepata mteremko. Hapo tumia vipimo vingine vya ubora wa mchezaji: UTR (Universal Tennis Rating), inayopanda kutoka 1 hadi 16.5, au World Tennis Number ya ITF, ambayo inashuka kutoka 40 hadi 1, yaani namba ndogo ndiyo bora. Vyote viwili huhesabu mechi ambazo hazina pointi za dunia, na hapo ndipo vijana hao wanapoonekana.

Hatua ya 3: Fanya hesabu, iandike

Najua wachezaji hawapendi sehemu hii. Lakini aliyekataa kuandika namba atasafiri kwa hisia, na hisia za mtu aliyeshinda mechi yake ya jana hazina breki.

Anza na rekodi yako dhidi ya wachezaji wa kiwango utakachokutana nacho. Chukua mechi 20 za karibuni za namna hiyo. Tuseme umeshinda saba. Usiandike asilimia 35 moja kwa moja, kwa kuwa mechi 20 ni chache na bahati imo ndani yake. Ongeza ushindi wa kubuni mara mbili na kushindwa kwa kubuni mara mbili: tisa kwa 24, asilimia 37.5. Mechi zikiwa chache, ujanja huu unakuzuia kujidanganya kwa pande zote mbili. Kisha ipunguze kidogo kama uwanja si wako, iongeze kidogo kama mpinzani ndiye aliye ugenini kwenye uwanja wa aina hiyo. Hapa unatumia macho ya kocha, hakuna kanuni.

Tuseme umebaki na asilimia 35 kwa kila mechi. Mechi mbili: 0.35 mara 0.35 ni asilimia 12 na kidogo. Mechi tatu za Grand Slam: asilimia 4 tu. Ukiishia hapo unaweza kuvunja raketi.

Ila sasa rudi kwenye lile swali langu la wiki ngapi. Ukiwa na asilimia 12 kwa wiki na ukajaribu wiki tano, uwezekano wa kufuzu walau mara moja ni asilimia 48. Karibu nusu kwa nusu, kwa mchezaji yule yule, sevu (pigo la kuanzisha pointi) ile ile. Wa asilimia 4 akijaribu mara tano anafika kama asilimia 20. Hesabu yenyewe ni rahisi: tafuta uwezekano wa kukosa wiki moja, uzidishe kwa wenyewe mara tano, toa kwenye moja.

Ndiyo maana safari ya wiki moja kwa mchezaji wa nafasi za chini huwa naiona kama kununua tiketi ya bahati nasibu kwa bei ya ndege. Kushindwa wiki ya kwanza ndilo jambo la kawaida. Ajabu ni kufuzu. Mpango wa fedha unaoporomoka kwa sababu ya jambo la kawaida haukuwa mpango.

Hatua ya 4: Chagua kituo, usichague shindano

Kutokana na hesabu hiyo, tafuta mahali ambapo mashindano yanafuatana wiki baada ya wiki kwenye viwanja vile vile. Monastir nchini Tunisia, Antalya nchini Uturuki na Sharm El Sheikh nchini Misri zimejulikana miaka mingi kwa mfululizo wa namna hiyo. Tiketi ni moja, hoteli ni moja, na kuanzia wiki ya pili unalijua jua linavyopiga uwanja namba sita saa kumi jioni.

Tazama pia kalenda ya wiki hiyo duniani kote. Wiki yenye mashindano mengi ya ngazi moja huwatawanya wachezaji, orodha inalegea. Wiki ambayo mabara mawili hayana kitu, wote wanamiminika sehemu moja. Wiki za Grand Slam nazo zina tabia yake: wale wa nafasi ya 105 hadi 230 hivi wanakuwa kwenye mchujo huko, na Challenger za wiki hiyo zinawakosa. Kwa aliye nafasi ya 400, huo ni mwanya.

Aina ya uwanja isikupite. Mwenye sevu kubwa na mwendo mzito asiende kwenye udongo kwa sababu tu tiketi ni nafuu. Na kama kituo kipo juu sana ya usawa wa bahari, kama Bogotá iliyo zaidi ya mita 2,600, mpira unaruka kama umefukuzwa. Mapigo yako ya kawaida yatatua nje kwa nusu mita. Wengi hukaza nyuzi kilo moja au mbili zaidi ya kawaida. Fanya hivyo kwenye raketi mbili, uiache ya tatu ilivyo, ujaribu.

Hatua ya 5: Fika mapema kuliko unavyodhani inatosha

Kanuni ya kawaida ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ya majira. Wenye bajeti ndogo hawawezi kuitimiza yote, lakini nusu yake ni lazima. Mechi za mchujo huanza asubuhi mapema, kabla ya droo kuu, na anayezicheza mara nyingi ndiye aliyetua juzi usiku.

Ukifika, kabla ya kupiga mpira, uliza mipira rasmi ni ya aina gani na ununue mkebe mmoja. Mpira mzito unaovimba manyoya baada ya gemu sita unakudai mchezo tofauti na mpira mwepesi. Halafu tafuta wa kufanya naye mazoezi. Karatasi ya kuombea viwanja hubandikwa ofisini. Andika jina lako hata kama humjui mtu. Wapinzani wako wa keshokutwa watakuwa hapo, na saa moja ya kupiga naye mpira itakuonyesha bekihendi yake inavyokatika akilazimishwa kupiga juu ya bega, jambo ambalo hakuna takwimu itakayokuambia.

Hatua ya 6: Jioni ya kusaini

Kama uko kwenye orodha ya kusubiri, jioni ya kuamkia mchujo ndiyo mechi yako ya kwanza. Unatakiwa kuwepo kiwanjani mwenyewe, na jina lako liwe kwenye karatasi kabla ya muda kufungwa.

Nimewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi kama hiyo na kijana aliyekuwa wa tano kusubiri. Ilikuwa imebaki nusu saa. Aliyekuwa wa nne alichungulia ndani, akahesabu majina, akanung'unika kwamba haifiki, akabeba begi lake akaenda kula. Saa ilipofungwa walikosekana wanne kwenye orodha ya mchujo, na wa nne hayupo. Kijana wangu akaingia. Alipoteza mechi kesho yake kwa seti mbili kavu, sitadanganya, ila wiki iliyofuata alikuwa anaujua uwanja, akafuzu.

Uliza mwamuzi mkuu maswali yote unayotaka. Ni kazi yake, na hatakuona mjinga.

Hatua ya 7: Mechi yenyewe, mahali pointi zinapolipa

Sitakufundisha fohendi hapa. Nataka uone namba chache zinazoonyesha mazoezi ya wiki ya mwisho yawe ya nini.

Ukishinda asilimia 55 ya pointi kwenye sevu yako, utashinda gemu zako za sevu kama asilimia 62. Ukipanda hadi 60, gemu zinafika asilimia 74. Ukifika 65, asilimia 83. Pointi tano zaidi katika kila mia zinakuletea gemu kama kumi zaidi katika kila mia. Hakuna pigo jingine linalolipa riba ya namna hiyo kwa siku saba za kazi, kwa sababu sevu ndilo pigo pekee ambalo mpinzani hana mkono ndani yake. Kwa hiyo wiki ya mwisho: sevu ya kwanza iingie, na ya pili iwe na mahali inapokwenda, sio kuombewa.

Kwenye mchujo wa mashindano madogo ya ITF, mkigawana seti, ya tatu haichezwi. Mnacheza taibreki ya pointi kumi, yaani gemu moja ya kuamua mshindi. Wenye nguvu wanaichukia, wewe ipende. Mpinzani anayekushinda seti sita katika kila kumi mnazocheza, katika mechi ya seti tatu kamili unamfunga mara 35 kwa mia. Kwa taibreki ya kumi, ambayo humo tofauti yenu inapungua, unafika kama 38. Mechi ya seti tano ingekushusha hadi 32. Mechi inavyokuwa fupi ndivyo mdogo anavyopumua. Jizoeze taibreki ya kumi mwishoni mwa kila mazoezi, ukiwa umechoka, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoicheza. Kwenye fainali ya Wimbledon ya 2019, Federer alishinda pointi 218 na Novak Djokovic 204, lakini Djokovic alishinda taibreki zote tatu na kombe likawa lake.

Jambo moja la pembeni lakini zito. Mechi ndogo huwekewa dau, na mchezaji asiye na fedha ndiye anayetafutwa. Ujumbe ukija wa kukuomba "upoteze seti ya kwanza tu", usijibu, uhifadhi, uripoti kwa ITIA, chombo cha kulinda uadilifu wa tenisi duniani. Kutoripoti pekee ni kosa. Na wewe mwenyewe huruhusiwi kubeti mechi yoyote ya tenisi, hata ya marafiki zako.

Hatua ya 8: Fedha, na karatasi ya mwisho

Bingwa wa M15 hupata dola 2,160 kabla ya kodi. Bingwa, siyo aliyefuzu mchujo. Kwa hiyo katika ngazi hiyo usiandike zawadi kwenye bajeti. Andika sifuri, unachokifuata ni pointi. Ngazi za juu sura ni nyingine kabisa: kwenye Australian Open ya 2024, aliyeshindwa mechi ya kwanza tu ya mchujo alipata dola za Australia 31,250, na aliyeshindwa raundi ya kwanza ya droo kuu 120,000. Hiyo asilimia 4 niliyoihesabu juu, ukiizidisha kwa fedha hizo, inaanza kuwa na maana ambayo asilimia 12 ya M15 haina. Ndiyo sababu watu wanapigana miaka mitatu ili wafike nafasi ya 230, hata kama wanajua watashindwa wakifika.

Na ukishindwa kwenye raundi ya mwisho ya mchujo, usikimbilie uwanja wa ndege. Mtu wa droo kuu akijitoa, nafasi yake huenda kwa mmoja wa walioshindwa raundi hiyo, kwa sharti awe amesaini na yupo. Mwaka 2018 Marco Trungelliti alishindwa mchujo wa Roland Garros, akarudi Barcelona. Akapata habari kwamba nafasi zimefunguka. Akaingia kwenye gari na ndugu yake, mama yake na bibi yake, wakaendesha hadi Paris, akasaini asubuhi, akacheza siku hiyo hiyo na kumfunga Bernard Tomic. Yeye alikuwa na barabara ya kurudia. Wewe uliyevuka bahari huna. Oga, kula, kasaini karatasi, subiri mpaka mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza ianze, ndipo uulizie usafiri wa kwenda kituo kinachofuata.